Baraza la chifu, kikao cha kaunti au kikao cha mtaa: ulinganisho kwa mkazi wa Lamu mwenye jambo la kupeleka serikalini

Kwa masika matatu mfululizo kichochoro kimoja cha upande wa Langoni, mjini Lamu, kilijaa maji ya mvua hadi kizingiti cha nyumba ya pili, na kwa masika matatu mfululizo sisi wakazi tulilipeleka jambo hilo kwenye baraza la chifu. Kila mara tulisikilizwa kwa heshima, jambo likaandikwa daftarini, dua ikaombwa, tukarudi majumbani tukiamini kwamba serikali imeshatusikia. Mimi nilikuwa katibu wa kamati ya mtaa, na ilinichukua muda mrefu kuliko ilivyostahili kuelewa kwamba mtaro wa maji ya mvua ni kazi ya kaunti, na kwamba chifu, kwa wema wake wote, ni mtumishi wa serikali kuu asiye na fungu la fedha la kujenga mtaro hata mmoja.

Ulinganisho huu nimeuandika kwa ajili ya kamati za mitaa, vikundi vya akina mama, vijana na wavuvi ambao wana jambo moja la haki na alasiri chache za kulishughulikia. Mikutano ambayo serikali hukutana na wakazi ni mingi, lakini kwa mtu wa kawaida inarudi kwenye mitatu: baraza linaloitishwa na chifu au naibu wake, kikao cha ushirikishaji wa umma kinachoitishwa na kaunti, na kikao ambacho wakazi wanakiitisha wenyewe mtaani kisha wakamwalika afisa au wakampelekea maandishi. Watu wengi huchagua kwa kuangalia mkutano ulio karibu, au ule ambao mwitishaji wake wanamfahamu. Mimi napendekeza kipimo kingine, chenye maswali mawili: maneno yakishaandikwa, karatasi inakwenda mezani kwa nani, na je, huyo anayeipokea ana mamlaka au fedha juu ya jambo hilo, na tarehe inayombana?

Baraza la chifu

Kati ya yote hili ndilo kongwe. Limekuwepo tangu enzi za ukoloni, na mzee wa miaka 80 na kijana wa miaka 18 wanalielewa bila kufundishwa: tangazo hupita kwa mzee wa mtaa na msikitini baada ya sala, watu hukusanyika baada ya alasiri, chifu huzungumza, kisha walio na maneno huinua mkono. Halihitaji ukumbi wala kitabu cha kurasa mia mbili. Linafanyika kwa lugha ya watu, na anayezungumza anajulikana yeye ni nani na nyumba yake iko wapi.

Baada ya ugatuzi, yaani madaraka kugawiwa kaunti, machifu na manaibu wao walibaki chini ya serikali kuu, katika ngazi inayopanda hadi kwa kamishna wa kaunti, na Sheria ya Uratibu wa Serikali ya Taifa ya 2013 ikaliweka hilo wazi. Hapo ndipo nguvu ya baraza lao ilipo na ndipo mpaka wake ulipo. Jambo la usalama, kijiwe kinachouziwa dawa za kulevya, ugomvi wa mpaka wa shamba, mtoto aliyeacha shule, kijana anayehangaikia kitambulisho, mtoto aliyezaliwa nyumbani ambaye hajaandikishwa, orodha ya chakula cha msaada: haya yote chifu anaweza kuyashika siku hiyo hiyo au kuyapeleka ngazi ya juu yake bila kuomba ruhusa ya bajeti. Nimeona ugomvi wa ukuta uliodumu mwaka mzima ukimalizwa barazani kwa muda usiozidi saa moja, kwa sababu wazee waliojua historia ya ukuta ule walikuwa wamekaa mbele na chifu alikuwa na subira ya kuwasikiliza.

Kwa ndugu zetu wa bara, kutoka Hindi hadi Witu, baraza hili lina uzito kuliko tulio visiwani tunavyofikiri. Tangu mashambulizi ya Mpeketoni ya Juni 2014, usalama huko si ajenda moja kati ya nyingi. Mara nyingi ndiyo ajenda yenyewe, na utaratibu wa Nyumba Kumi, wa majirani kulindana, ulioanza nchini mwaka 2013, umesimama juu ya mabaraza hayo hayo. Mtu wa huko akiniambia kwamba baraza la chifu linatosha, sitabishana naye kabla ya kumuuliza analipelekea nini.

Lakini ukienda na mtaro, taa ya barabarani, dawa zilizokwisha zahanati, taka zilizorundikana au mwalimu wa chekechea, chifu hana la kufanya isipokuwa kuandika barua kwenda upande wa pili wa serikali. Wengine huandika. Barua hiyo hata hivyo haina tarehe inayomlazimisha aliyeipokea, na katika ratiba ya kaunti haihesabiwi kuwa maoni ya wakazi, labda afisa mwema aamue kuitia humo. Ndivyo tulivyopoteza miaka mitatu.

Kikao cha kaunti cha ushirikishaji wa umma

Hapa nitakaa zaidi, kwa sababu ndipo fedha za mambo ya mtaani zilipo na ndipo wakazi wengi wanapokata tamaa mapema.

Msingi wake ni Katiba ya 2010. Kifungu cha 10 kinautaja ushirikishaji wa watu miongoni mwa maadili ya taifa, kifungu cha 196 kinalitaka bunge la kaunti liwashirikishe wananchi katika kazi zake, na kifungu cha 201 kinataka uwazi na ushiriki wa umma katika mambo ya fedha. Jedwali la Nne linaigawa kazi yenyewe: zahanati na vituo vya afya, barabara za ndani, mitaro, taa za barabarani, taka, masoko, maji ya matumizi ya nyumbani, elimu ya chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini ni vya kaunti. Kisha Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 ikaeleza namna ya kuwafikia watu, ikataja mikutano ya hadhara, vikao vya kuandaa na kuthibitisha bajeti, na vibao vya matangazo. Kwa hiyo afisa wa kaunti anapokuja wadini kusikiliza, anatimiza deni la kisheria, na mkazi ana haki ya kusimama mbele yake akijua hivyo.

Kinachokipa kikao hiki nguvu ni kalenda. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inataka mpango wa maendeleo wa mwaka uwasilishwe kwenye bunge la kaunti ifikapo tarehe 1 Septemba, taarifa ya mkakati wa fedha ifikapo tarehe 28 Februari, na makadirio ya bajeti ifikapo tarehe 30 Aprili, ili mwaka wa fedha uanze tarehe 1 Julai. Ukiisoma kalenda hii taratibu utaona jambo ambalo hakuna aliyetuambia kwa uwazi: mradi unaouomba Julai mwaka huu unaombewa fedha zinazoanza kutumika Julai mwaka ujao. Anayekuja Mei, maji yakiwa tayari yameingia sebuleni, kuomba mtaro mpya katika kikao cha makadirio, anakuta meza imeshaandaliwa. Wanaweza kumwonea huruma, lakini nafasi ya mradi ambao haukuwa kwenye mpango ni ndogo mno. Nikilazimika kumshauri mtu ahudhurie kikao kimoja tu kwa mwaka, nitamwambia awahi kile cha mpango wa maendeleo, kinachofanyika kabla ya Septemba, wakati kusi bado inavuma na vyombo vingi vimefungwa.

Hilo la upepo si pambo la maneno. Ratiba ya fedha imetungwa kwa ajili ya nchi nzima, na bahari haikuulizwa. Kikao cha mkakati wa fedha huja kabla ya mwisho wa Februari, katikati ya kaskazi, bahari ikiwa shwari, na wavuvi wa Kizingitini au Kiwayuu wako kwenye mawindo yanayolisha nyumba zao kwa miezi ya mbele. Miaka hii pia Ramadhani imekuwa ikiangukia Februari na Machi, kwa hiyo kikao kinachoitishwa saa nane mchana kinawakuta watu wamechoka, na kikirefuka hadi kukaribia magharibi wanawake wote wameshaondoka kwenda jikoni. Mwitishaji anayejua mji wake huweka kikao asubuhi, au baada ya tarawehe mtaani kwenyewe. Si jambo gumu. Ni kuuliza tu kabla ya kuandika barua ya mwaliko.

Umbali nao una sehemu yake. Kaunti ya Lamu ina wadi 10, saba za Lamu Magharibi na tatu za Lamu Mashariki, na wakazi 143,920 kwa hesabu ya sensa ya 2019. Kwa jumla ya watu ni kaunti ndogo, lakini ukihesabu nauli utaiona kubwa. Kikao kimoja kikiitishwa Faza, mtu wa mji wa Pate, aliye katika kisiwa hicho hicho, anatoka mapema na kurudi jioni. Na vijiji vya Waboni kama Mangai, Milimani na Kiangwe vimetawanyika msituni kiasi kwamba kikao cha kimoja si kikao cha kingine. Kwa afisa anayechagua namna ya kuwafikia wakazi, ningeomba ailinganishe gharama ya ukumbi mmoja mkubwa, wenye vinywaji na nauli za wahudhuriaji, na gharama ya boti moja inayomzungusha yeye na karani wake kwenye vijiji vinne. Mara nyingi boti itashinda, na atasikia watu ambao hawajawahi kukaa ukumbini.

Udhaifu mkubwa wa kikao cha kaunti, kwa maoni yangu, ni kwamba kinaweza kufanyika kikamilifu kwenye makaratasi huku hakuna aliyeshiriki. Nakumbuka kikao kimoja nilichohudhuria, ambacho mwitishaji wake sitamtaja, kilichotangazwa siku tatu kabla. Kitabu cha makadirio kilikuwa nakala moja kwa ukumbi mzima, nacho kwa Kiingereza. Mama mmoja wa kikundi cha ususi aliuliza kwa sauti ya chini ukurasa wa wadi yake uko wapi. Afisa akapekua, akapekua tena, akasema atamwonyesha mwisho. Karatasi ya mahudhurio ilipita mapema, kalamu ikiwa imefungwa kwa uzi ili isipotee, na sote tukatia sahihi kabla neno lolote la maana halijasemwa. Baadaye nilielewa kwamba sahihi zile ndizo zitakazothibitisha kwamba tulishirikishwa. Tangu siku hiyo, kabla ya kutia sahihi huuliza kama karatasi ni ya mahudhurio tu au ni ya kukubali, na kama kichwa cha karatasi hakisemi, huandika neno "mahudhurio" kwa mkono wangu kando ya jina.

Kwamba mkutano kufanyika na watu kushirikishwa ni mambo mawili tofauti, Lamu imelithibitisha mbele ya sheria kuliko sehemu nyingi za Kenya. Tarehe 26 Juni 2019 Mahakama ya Kitaifa ya Mazingira ilifuta leseni ya mtambo wa umeme wa makaa ya mawe uliokusudiwa kujengwa Kwasasi, wa megawati 1,050. Mikutano ilikuwa imefanyika, hilo halikubishaniwa. Lakini ilikuwa ya mwanzo, kabla utafiti wa athari za mazingira haujakamilika, na wakazi hawakurudiwa kuelezwa matokeo ya utafiti wenyewe ili wayajibu. Mwaka mmoja kabla ya hapo, Aprili 2018, Mahakama Kuu ya Malindi ilikuwa imeamua kesi ya bandari ya Lamu, ikaona kwamba haki za wakazi zilikiukwa, ikiwemo haki ya kupata habari, na ikaamuru fidia ya shilingi bilioni 1.76 kwa wavuvi takriban 4,600. Miradi ile ilikuwa mikubwa na kamati ya mtaa haina mawakili, lakini swali lililoulizwa pale ndilo tunaloweza kuuliza kila alasiri: karatasi ya jambo tunalojadili ilitufikia lini?

Kwa hiyo kikao cha kaunti kinahitaji maandalizi ambayo baraza la chifu halihitaji. Usiende na maneno matupu. Andika ukurasa mmoja, ukitaja wadi, mtaa, mahali penyewe, tatizo, ni nyumba ngapi zinazoathirika na unachoomba, kwa Kiswahili, kwani ndiyo lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi. Toa nakala mbili. Moja mpe karani wa kikao au msimamizi wa wadi, ya pili itiwe muhuri au sahihi ya kupokelewa na tarehe, nawe uihifadhi. Siku mpango utakapochapishwa, linganisha. Jambo lako lisipoonekana, Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inaipa ofisi ya umma siku 21 kujibu ombi la habari, na unaweza kuomba taarifa ya kikao chenyewe ili uone maoni yenu yaliandikwaje na yaliachwa kwa sababu gani. Bila nakala yenye muhuri huna pa kuanzia.

Kikao cha mtaa chenyewe

Hiki hakina mwitishaji wa serikali, hakina posho, na wengi hukiona ni mazungumzo ya vibarazani tu. Sisi tulikigeukia baada ya miaka mitatu ya kupotea njia, na ndiko nilikojifunza kwamba hatukulijua vizuri hata jambo letu wenyewe.

Tulifanya vikao viwili. Wanaume walikaa nje, kwenye mabaraza ya nyumba mbili zinazotazamana, baada ya sala ya isha. Wanawake walikaa siku ya pili ndani ya ua wa nyumba ya mmoja wao, na mwenzangu wa kamati, ambaye ni mwalimu wa chekechea, ndiye aliyeandika. Kikao cha wanaume kilieleza sana uzembe wa serikali na mtaro mpya unaotakiwa. Katika kikao cha wanawake, bibi mmoja aliyeolewa katika mtaa ule akiwa msichana alisema maneno manne ya Kiamu: "Mai yana ndia yake," yaani maji yana njia yake. Kisha akawatoa wenzake nje, akawaonyesha kwa fimbo yake. Mtaro wa zamani ulikuwepo. Ulipita kando ya ukuta, ukakata kona, ukashuka kuelekea baharini. Na palipo kona pamewekwa ngazi mpya ya saruji ya nyumba moja, kipande cha kama hatua mbili, kilichofunika mdomo wa mtaro. Mmiliki hakuwa na nia mbaya. Alijenga wakati wa kiangazi, mtaro ukiwa mkavu na umejaa mchanga, akadhani ni ufa wa zamani.

Katika mabaraza yote matatu ya chifu, bibi yule alikuwepo mara mbili. Alikaa nyuma, karibu na mlango, na hakuna aliyemuuliza. Sisemi hivyo kumlaumu chifu, maana sisi tuliokaa mbele ndio tuliomaliza muda wote. Lakini ni hoja nzito kwa anayelinganisha: mkutano wa hadhara huwapa nafasi wanaozoea kusimama na kusema, na elimu ya mtaa mara nyingi iko kwa wasiozoea. Kikao kidogo kinachofanyika mahali ambapo wanawake wako nyumbani, au kwenye bandari ya wavuvi, au kwa vijana wa punda na mikokoteni, hukusanya habari ambayo kikao kikubwa hakiwezi kuipata hata kikirudiwa mara kumi.

Udhaifu wake nao ni wazi. Maazimio ya mtaa yenyewe hayamfungi mtu yeyote. Yanapata nguvu pale yanapogeuzwa kuwa ombi rasmi. Kifungu cha 37 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kuwasilisha maombi kwa mamlaka za umma; kifungu cha 88 cha Sheria ya Serikali za Kaunti kinairudia haki hiyo kwa upande wa kaunti, na cha 89 kinaitaka mamlaka iliyopokea ombi ijibu bila kukawia; kifungu cha 15 cha sheria hiyo hiyo kinamruhusu mkazi kuliomba bunge la kaunti lijadili jambo lililo ndani ya uwezo wake. Ombi hilo halingoji kikao kitangazwe. Lina kazi zake, bila shaka: majina, sahihi, nambari za vitambulisho, na mtu wa kuvuka kwa boti hadi ofisi inayohusika, Mokowe au kwingineko, kisha kurudi kuulizia. Mtaa usio na katibu mwenye subira utalianza na kuliacha njiani.

Ipi uchague

Kama jambo lako linamhusu mtu anayevunja amani au karatasi za serikali kuu, nenda barazani kwa chifu, na usipoteze nauli kwenda kwingine. Kama linahitaji kujengwa, kununuliwa au kuajiriwa mtu na kaunti, njia yake ni kikao cha kaunti, na kikao chenyewe ni cha mpango wa maendeleo, kabla ya Septemba. Kama ni ada ya soko au leseni ya biashara iliyopandishwa, ngoja Mswada wa Fedha wa kaunti na uende siku ya mswada huo, kwani kuilalamikia ada kwenye kikao cha miradi ni kumwambia asiyehusika. Ukarabati wa shule ya msingi si wa kaunti, ingawa wazazi wengi hufika kwenye vikao vya kaunti wakiwa na ombi hilo na kurudi na hasira. Chekechea iliyo ndani ya ua huo huo, hiyo ni ya kaunti. Wavuvi wana mkutano wao wa kikundi cha usimamizi wa fuo, na jambo la nyavu au la mahali pa kuegesha vyombo lipite hapo kwanza ili liende likiwa na sauti moja. Mjini Lamu ipo pia bodi ya manispaa, na Sheria ya Maeneo ya Miji na Majiji ya 2011 inawapa wakazi wa mji jukwaa lao la kuhoji huduma kama taka na usafi; kwa mitaa ya mji wa kale, njia hiyo ni fupi kuliko kungoja wadi nzima.

Kikao cha mtaa sikiweki kwenye mizani na hivi vingine kana kwamba ukikichagua umeviacha. Kifanyike kwanza, kwa jambo lolote, hata lile la chifu. Ndicho kinachokuonyesha jambo lako ni lipi hasa na ni la nani. Kama kamati yenu ina nguvu ya kikao kimoja tu cha kujiandaa, kiwe cha wanawake wa mtaa.

Kwa jambo la dharura hakuna hata kimoja kati ya hivi kinachotosha. Maji yakiwa yanaingia leo, mpigie msimamizi wa wadi na mwakilishi wadi, kwa sababu kuzibua mtaro uliopo ni kazi ndogo ambayo haihitaji kungoja mwaka wa fedha. Tofauti hiyo kati ya kuzibua na kujenga tungeijua mapema, tungeomba la kwanza siku ya kwanza.

Mambo yetu yalikwenda hivi. Wazee wawili walimwendea mwenye ngazi nyumbani kwake, wakaongea naye kama jirani, na wiki iliyofuata akaleta fundi akakata saruji na kuweka jiwe la kufunika lenye nafasi ya maji kupita. Hakuna ofisi iliyohusika. Nusu ya maji ikapata njia masika yaliyofuata. Nusu iliyobaki inahitaji bomba pana kwenye kipande cha mwisho kuelekea baharini, na hilo limo kwenye ukurasa wetu mmoja tuliouwasilisha mwezi wa Julai. Nakala yenye muhuri iko kwangu, na nyingine kwa mwalimu wa chekechea. Kikao kijacho cha wadi tutakwenda watu watatu tu. Bibi amekubali kuja kueleza mwenyewe mtaro ulipopita, na tumeshamwomba msimamizi wa wadi kwamba kiti chake kiwekwe safu ya mbele.